Maji ya mto Ganga pale Haridwar hayaozi hata yakikaa miaka, wajuzi tupeni sababu

#1 mgogo_wa_Ihumwa
Wakuu habari za saa hizi. Niko India nimemleta mzee wangu kwenye matibabu Delhi. Familia ya Kihindu tuliyopanga kwao wana kachombo ka shaba kamezibwa mdomo, kapo kwenye kona yao ya ibada, ndani kuna maji ya mto Ganga yaliyochotwa Haridwar, na mama mwenye nyumba anasema yamo humo tangu mama mkwe wake yuko hai, hayajawahi kunuka wala kuota ukijani. Nikacheka. Basi wakanipakia treni mpaka huko huko Haridwar, kwenye ngazi zinaitwa Har Ki Pauri, nikakuta watu hawahesabiki, wanazama huku wameshika minyororo iliyofungwa kwenye ngazi maana maji yanakimbia kama yana kesi mahakamani, baridi mpaka meno yanagongana na jua linawaka, na kila anayetoka pale ana dumu la plastiki mkononi.
Sasa swali langu. Maji ya kisima kwetu Dodoma ukiyasahau kwenye ndoo wiki moja yana viluwiluwi vya mbu. Haya ya hawa watu kwa nini hayaozi? Sitaki mahubiri na sitaki dharau, nataka sababu.

#2 Nipo_Nipo
Nimeweka kiti hapa, wajuzi waje

#3 DaktariPori
Sababu inajulikana mkuu. Mwaka 1896 kulikuwa na Mwingereza anaitwa Ernest Hankin, mkemia wa serikali pale Agra, alichukua maji ya Ganga na Yamuna akatia vijidudu vya kipindupindu, vikafa ndani ya saa chache. Akachukua maji yaleyale akayachemsha kwanza ndo akatia vijidudu, safari hii havikufa. Yeye alihisi kuna kitu fulani ndani ya maji ambacho kikichemka kinapaa. Ilipofika 1917 Félix d'Herelle wa Taasisi ya Pasteur Paris akaeleza habari ya virusi vinavyokula bakteria, bakteriofaji, ndipo watu wakarudi nyuma wakasema ahaa, kumbe huenda Hankin aliviona hivi bila kujua. Kwa hiyo mto una askari wake wa ndani. Uzi ufungwe.

#4 Bingwa_wa_Kubisha
Nani afunge? Bakteriofaji wapo kila penye bakteria, hata Msimbazi wamejaa tele, nenda kachote Msimbazi uweke kabatini kwako halafu mkeo akuambie. Isitoshe mleta uzi kajijibu mwenyewe ila hajaona. Chombo ni cha SHABA na KIMEZIBWA. Shaba inaua vijidudu, hiyo haina mjadala. Kimezibwa maana yake mbu hataingia kutaga na mwanga hauingii kwa hiyo ukijani hauoti. Ndoo yako ya Dodoma iko wazi uani, unategemea nini. Jaza maji ya bomba kwenye hicho chombo cha mama mwenye nyumba uone kama yataoza.

#5 binti_Pangani
Bingwa 🤣🤣 ila kwenye madumu ya plastiki je? maana nao wanadai hayaozi

#6 Bingwa_wa_Kubisha
Wanadai. Umeshaona maabara hapo?

#7 Kanti wa Upanga
Nawasalimu wote. Mimi ni Mhindu mzaliwa wa Dar, asili yetu Kutch, naomba niseme jambo kabla hamjafika mbali. Kwetu maji ya Ganga, tunayaita gangajal, hatuyaweki nyumbani kwa sababu hayaozi. Tunayaweka kwa sababu mtu akiwa anakata roho anadondoshewa mdomoni. Tone moja tu pamoja na jani la mrehani mtakatifu, tulsi. Ndo maana kachombo kanakaa miaka, hakuna anayeombea katumike. Hata posta ya India siku hizi inauza gangajal kwenye chupa, tangu 2016, unaletewa na mtu wa barua.
Kuhusu Haridwar yenyewe, wazee wanasimulia kwamba miungu na mashetani walikoroga bahari wakapata chungu cha maji ya uzima, wakakigombania, matone yakaanguka sehemu nne. Haridwar, Prayag, Ujjain na Nashik. Pale Har Ki Pauri tone liliangukia kwenye kidimbwi kinaitwa Brahmakund, ndo pale mleta uzi alipoona minyororo. Kumbh Mela, ile hija kubwa ya watu kuoga mtoni, inazunguka kwenye sehemu hizo nne.

#8 mgogo_wa_Ihumwa
Asante sana kaka Kanti, hii ya tone la mwisho sikuambiwa.

#9 injinia_mstaafu
Nimesoma yote nimekaa kimya ila sasa niseme. Mnabishana maji ya mto, mnajua pale mleta uzi alipooga (kama alioga) si mtoni? Ni kwenye MFEREJI. Mto Ganga wenyewe unapita upande wa pili, mpana, wa mawe, na wakati wa kiangazi una maji machache. Yale yanayokimbia pale kwenye ngazi yanavutwa na banio la Bhimgoda lililo juu kidogo yanapelekwa kwenye mfereji mkubwa wa umwagiliaji, Upper Ganges Canal, aliouchimba Mwingereza Proby Cautley. Kazi ilianza 1842, maji yakafunguliwa 1854, na unakwenda mamia ya kilomita kunywesha mashamba mpaka upande wa Kanpur. Chuo cha uhandisi cha Roorkee kilianzishwa 1847 kwa ajili ya mfereji huohuo, wapate mafundi. Kwa hiyo kasi ya maji iliyomshangaza kijana ni hesabu za mainjinia, siyo muujiza.

#10 Msomi_wa_Chang'ombe
Roorkee si ndo ile IIT, chuo cha teknolojia cha India, waliyofungua Zanzibar?

#11 injinia_mstaafu
Hapana, ya Zanzibar ni ya Madras, ilifunguliwa 2023. Kusini kabisa huko. Roorkee iko hapo jirani na Haridwar.

#12 Kanti wa Upanga
Mzee injinia heshima yako, lakini hilo la mfereji usiliseme kana kwamba wenyewe hawajui. Wanajua na wamepigania. Cautley alipokuja na ramani zake, makuhani wa Haridwar walimgomea, walisema hutamfunga Mama Ganga jela. Akabidi aache pengo kwenye bwawa maji yapite huru, akatengeneza na ngazi za kuogea, na siku ya kuanza kazi ikafanywa ibada ya Ganesh. Baadaye serikali ilipotaka kubadilisha banio kelele zikaanza upya, akasimama Pandit Madan Mohan Malaviya, mwaka 1916 yakafanyika makubaliano kwamba maji pale hayatakatwa. Mwaka huohuo ikaundwa Ganga Sabha ambayo mpaka leo ndiyo inasimamia ngazi zile na ibada ya taa za jioni.

#13 injinia_mstaafu
Na mwaka 2016, miaka mia baada ya hayo makubaliano yako, serikali ya jimbo la Uttarakhand ikatoa waraka kwamba kipande hicho kisheria ni mchirizi wa mfereji, si mto. Unajua kwa nini? Mahakama ya mazingira ilizuia majengo karibu na mto, na pale kingo zimejaa hoteli na nyumba za wageni. Ukiuita mfereji, majengo yamepona. Makuhani wakakaa barabarani kugoma, 2020 waraka ukafutwa, sasa ni mto tena. Mimi kwenye kazi yangu nimeona mito ikihamishwa kwa katapila, huu peke yake ndio nimeona ukihamishwa kwa kalamu mara mbili.

#14 Bingwa_wa_Kubisha
Mzee umeua 😂😂😂 kwa hiyo swali libadilike, kwa nini maji ya mfereji hayaozi

#15 Mwanachuo_Dehradun
Habarini. Nasoma Dehradun, Haridwar ni basi tu, tunaenda sana kwa sababu hakuna la kufanya wikiendi. Nyongeza kwenye ya mzee injinia, ukitaka kuhakikisha ni mfereji nenda kipindi cha kati ya sikukuu ya Dussehra na Diwali, mwezi wa kumi hivi. Kila mwaka wanafunga mfereji kuusafisha. Pale penye minyororo panabaki maji ya magoti, sehemu nyingine kokoto tupu, na usiku uleule wanapofunga mabanio watu wanashuka. Wanaume, akina mama, watoto. Wanatafuta hela. Maana mwaka mzima mahujaji wanatupa sarafu, na wengine majivu ya marehemu yanaingia na kidani au pete. Kuna madogo wana sumaku nene imefungwa kwenye kamba, wanaitupa wanaiburuta inarudi imevaa sarafu pande zote kama samaki aliyejaa magamba, anazikung'uta kwenye mfuko anatupa tena. Akina mama wao wanachekecha mchanga kwa chekeche la chuma, wamechutama, hawaongei. Nilimuuliza mmoja akanionyesha kikombe chake, sarafu za rupia, kipande cha fedha, na meno ya bandia.
Makuhani wa pale wanalalamika kila mwaka hao hao, maji hayatoshi kuoga.

#16 binti_Pangani
meno ya bandia?? ya marehemu au ya muogaji

#17 Mwanachuo_Dehradun
Sikuuliza dada

#18 DaktariPori
Narudi kwa Bingwa #4. Ndiyo, bakteriofaji wako Msimbazi pia, sikukataa. Lakini kuna hoja ya pili ambayo watu wa Roorkee waliwahi kuipima, mto Ganga unajirudishia oksijeni haraka kuliko mito mingi. Unatoka kwenye barafu ya Gangotri, unateremka milimani kama kilomita 250 unagonga mawe, unafika Haridwar bado wa baridi na umejaa hewa. Hapo ndipo unapotokea tambarare. Uchafu unaoingia unaliwa upesi. Kuna na wanaosema ni madini ya milimani. Kwa hiyo maji yaliyochotwa Haridwar siyo sawa na yaliyochotwa Kanpur kwenye viwanda vya ngozi.

#19 Bingwa_wa_Kubisha
Oksijeni ndani ya chupa iliyofungwa miaka ishirini? Hiyo inakaa inasubiri nini?
Halafu tuzungumze historia. Hayo maji yenye askari, mbona mwaka 1783 kwenye Kumbh hapo hapo Haridwar kipindupindu kiliua mahujaji, vitabu vya Waingereza vinasema kama elfu ishirini ndani ya wiki tu? Mwaka 1867 tena, watu walioga wakarudi makwao, ugonjwa ukasambaa nao njiani mpaka Punjab. Askari walikuwa likizo?

#20 DaktariPori
Kipindupindu hakihitaji mto, kinahitaji watu wengi wasio na vyoo. Watu milioni wamepiga kambi, kinyesi kinaingia penye maji ya kunywa. Mtu anaumwa kabla askari hajavaa viatu.

#21 Bingwa_wa_Kubisha
Kwa hiyo yanaua vijidudu vya kwenye chupa ya Hankin lakini ya kwenye tumbo hapana. Sawa.

#22 mama_wa_watatu
Jamani mnaochota mchote tu lakini msinywe. Mwishoni mwa 2024 bodi ya uchafuzi ya hilo jimbo ilitoa vipimo, maji ya Haridwar yanafaa kuoga, kunywa HAPANA. Na hiyo Haridwar ndo pasafi, Prayagraj (ndo ile Prayag) kwenye Kumbh ya 2025 bodi ya taifa ya uchafuzi ilipeleka ripoti kwamba kinyesi kilizidi kiwango hata cha kuoga, serikali ya jimbo lao la Uttar Pradesh ikakataa, waziri kiongozi akasema yanafaa hata kunywa. Mimi ni nesi, nawaambia chemsheni.

#23 Msukuma_Halisi
nesi kasema kuchemsha, Hankin alisema ukichemsha askari wanakufa. tumekwama

#24 Wa_Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi Wabongo mwabishana kisayansi, mie naleta kisa. Hawa Makalasinga tunaokula kwao pale Makindu barabara ya Nairobi, chai na chapati bure mpaka ushibe, wao wana kisa cha huko Haridwar. Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa dini yao, alifika, akawakuta watu wamesimama majini wamelielekea jua la mashariki, wanarusha maji kwa mikono. Akauliza mwafanya nini, wakasema twawapelekea maji mababu zetu mbinguni. Yeye akageuka upande wa magharibi akaanza kurusha kwa nguvu. Wakamuuliza wewe je? Akajibu nanywesha shamba langu Punjab, limekauka. Wakamcheka, Punjab ni mbali vipi maji yafike? Akawaambia kama yenu yafika mbinguni, yangu kwani Punjab ni mbali kuliko mbinguni? Basi rafiki yangu Kalasinga huwa anamalizia kisa hiki kwa kugonga meza.

#25 Bingwa_wa_Kubisha
Huyo Guru angejiunga humu ningemfuata.

#26 Raju_Parklands
Mimi ni Mhindu wa Nairobi, na sisi nyumbani ni Arya Samaj, Wahindu wa mageuzi, kwa hiyo msidhani Wahindu wote tuna dumu kabatini. Mwanzilishi wetu Swami Dayananda alikwenda Haridwar wakati wa ile Kumbh ya 1867 ambayo Bingwa ameitaja, akasimika bendera yake pale kuwapinga makuhani, anahubiri kwamba kuoga mtoni hakufuti dhambi. Hakupata wafuasi wengi siku hiyo manze, lakini huwezi sema Haridwar ni upande mmoja. Gandhi naye alienda Kumbh ya 1915, ndio tu ametoka Afrika Kusini, aliandika mwenyewe kwamba alichukizwa na uchafu na unafiki aliouona, na hapo hapo akajiwekea nadhiri asile zaidi ya aina tano za chakula kwa siku. Babangu ni Arya damu, hatambui mto wala nini. Alipofariki mamake, aliyepanda ndege na majivu kwenda Haridwar ni nani? Yeye.

#27 Kanti wa Upanga
Raju umenichekesha. Wote wanaishia huko. Sisi Wagujarati wengi tunapeleka Nashik au Somnath au tunaridhika na bahari ya Hindi hapahapa, lakini Haridwar ina kitu ambacho kwingine kimepotea, VITABU. Kuna makuhani wa ukoo wanaitwa panda, kila mmoja ana sehemu zake za nchi na koo zake. Unafika unataja kijiji cha asili na jina la ukoo, unapelekwa kwa panda wako, anatoa daftari refu la karatasi ngumu lililofungwa kwa kitambaa chekundu, anafunua, na hapo unakuta babu yake babu yako ameandika kwa mkono wake siku aliyokuja na majivu ya baba yake. Nani alizaliwa, nani kaoa wapi. Mpaka mahakamani yanatumika kwenye kesi za mirathi. Wamormoni wa Utah walikuja miaka ya 70 wakaanza kuyapiga picha. Kuna jamaa yetu asili ya Punjab, babu yake alikuja kujenga reli ya Uganda na familia haikurudi tena, alikwenda na jina la kijiji tu bila hata kukijua kilipo. Akakuta mstari wa mwisho ni wa mwaka babu alipoondoka. Panda akampa kalamu.

#28 mgogo_wa_Ihumwa
Daah. Hii sikuiona, mimi nilichoona ni jamaa wenye vitabu vya risiti wakati wa taa za jioni, wanapita katikati ya watu waliokaa chini, anasimama mbele yako na kalamu tayari. Nikajifanya sijui Kihindi. Akaanza Kiingereza.

#29 Mwanachuo_Dehradun
Hao hata Kiswahili watajifunza mkuu. Na sehemu ya ngazi za panda ukikaa peke yako kuna atakayekuja na nazi na maua anakutajia majina ya marehemu wako wa baba na mama, ukishajibu tu tayari ibada imeanza na bei inatajwa mwisho. Wenyeji wanalipa kwa makubaliano ya zamani ya ukoo, mgeni ndo anapigwa.

#30 Mganda_wa_Jinja
Habari zenu ndugu. Kwa sisi Uganda pia iko kitu. Pale Jinja kwenye chanzo cha Nile wali-leta majivu ya Gandhi 1948 wakatia mtoni. Iko sanamu yake, ilifunguliwa na waziri mkuu wa India Gujral mwaka 1997. Wahindi wa Jinja na Kampala wanakuja kutia majivu ya wazee wao hapo, wanasema mto mkubwa ni mto mkubwa. Sasa swali yangu, maji ya Nile nayo haiozi? Hatujawahi kujaribu.

#31 Msukuma_Halisi
jinja ni maji ya ziwa letu hayo. nalijua lile ziwa. yanaoza

#32 Nipo_Nipo
Mi hili la kuchoma maiti ndo linanishinda. Mwafrika kuchomwa?

#33 Wa_Kisauni
Profesa Wangari Maathai alichomwa 2011 hapo Kariokor Nairobi, kwenye sehemu ya Wahindu hiyo hiyo. Alisema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake.

#34 Nipo_Nipo
Si alizikwa? Nilimwona kwenye taarifa ya habari na jeneza

#35 Raju_Parklands
Jeneza lilikuwa la mafunjo, mianzi na magugumaji, nalo likachomwa pamoja naye. Kariokor, ndio.

#36 Shabiki_wa_Nyota
Nimechelewa. Kwa mnaotaka kwenda kuona Kumbh, msihesabu tu miaka 12 mkakata tiketi. Ya Haridwar inafuata sayari ya Mshtarii kuingia nyota ya Ndoo na jua kuingia Kondoo, mwezi wa nne. Mshtarii anamaliza mzunguko wake kwa miaka 11 na miezi kumi hivi, siyo 12 kamili, kwa hiyo baada ya mizunguko kadhaa kalenda inakimbia mwaka mmoja. Ndo maana Haridwar ilikuwa 2010 halafu 2021, haikungoja 2022. Mara ya mwisho kuwahi mwaka hivyo ilikuwa 1927 ikaja 1938. Mbaya zaidi hiyo 2021 iliangukia korona, waliibana ikawa mwezi wa nne peke yake, wimbi la pili likiwa linapanda, na baadaye ikagundulika maelfu ya vipimo vya korona vilivyodaiwa kupimwa pale vilikuwa vya kuandika mezani.

#37 mama_wa_watatu
Nakumbuka. Hiyo ndo ilinikasirisha. Nyota zinasubiriwa miaka, vipimo vinabuniwa dakika moja.

#38 Shabiki_wa_Nyota
Ardh Kumbh ya Haridwar, ile ndogo ya katikati, ni 2027. Nashik nao mwaka huohuo, Ujjain 2028.

#39 Mwanachuo_Dehradun
Ushauri wa mtu anayeishi jirani, msiende wakati wa Kumbh na msiende mwezi wa saba na wa nane kwenye Kanwar. Hapo vijana kwa mamilioni wamevaa rangi ya chungwa wanakuja kuchota maji Haridwar, wanatembea nayo kwa miguu mpaka mahekalu ya Shiva huko kwao, wengine mpaka Delhi na Haryana. Mti wa mwanzi begani umepambwa, vyungu viwili huku na huku, na maji hayaruhusiwi kugusa ardhi, kwa hiyo njiani kote wamejenga vichanja vya kutundikia mtu akienda chooni au kulala. Barabara kuu inafungwa. Malori ya spika yanapiga nyimbo za Shiva usiku kucha, nilikuwa na mtihani, sitasahau. Ila wana ukarimu, vibanda vya chakula bure kila hatua, hawajali wewe ni nani.
Na Haridwar yote hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna pombe. Mtu wa nyama choma jiandae kisaikolojia.

#40 Msukuma_Halisi
hapo kwenye mayai nimejitoa

#41 binti_Pangani
Wasio Wahindu wanaruhusiwa lakini? Nasikia kuna ubishi

#42 Kanti wa Upanga
Dada kuna sheria ndogo za mji za enzi za Mwingereza zinazoweka mipaka pale Har Ki Pauri, na kila baada ya muda kuna watu wanaidai ikazwe na wengine wanaipinga. Watalii wengi wanakaa upande wa pili wa maji kwenye mnara wa saa, taa unaziona zote. Mleta uzi alikuwa na wenyeji wake ndo maana akafika mbele.

#43 injinia_mstaafu
Turudi kwenye mada. Hakuna aliyejibu. Daktari ana virusi na oksijeni, Bingwa ana shaba na kifuniko, mimi nasema maji yoyote ya barafu yenye uchafu kidogo, ukiyachota penye kasi, mchanga ukatuama, ukayaweka gizani, yatakaa. Mleta uzi yupo karibu, afanye jaribio. Chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja Haridwar, moja bomba la hapo Delhi. Aziweke kabati moja.

#44 DaktariPori
Nne. Moja ya Haridwar ichemshwe, na moja iwe ya mto wa kawaida siyo bomba, bomba lina klorini utakuwa umewapendelea upande wa Bingwa.

#45 Bingwa_wa_Kubisha
Na nani atahakikisha mama mwenye nyumba haongezi maji usiku? Natania. Ila ya tano iwe kwenye shaba.

#46 Kanti wa Upanga
Na ya Haridwar ichotwe juu ya banio au chini? Maana mzee injinia akishindwa atasema ulichota mfereji.

#47 mgogo_wa_Ihumwa
Wakuu mimi nina mgonjwa hapa, sina maabara 😂 Nina dumu moja la lita tano nililonunua palepale kwenye ngazi. Swali dogo, kwenye ndege litapita?

#48 binti_Pangani
Begi la mkononi hapana kabisa, kimiminika kisizidi mililita mia. Weka begi la chini, lisijae mpaka juu, kifuniko ukizungushie selotepu halafu mfuko wa plastiki mara mbili. Mimi la dada yangu lilipasukia kwenye vitenge.

#49 Bingwa_wa_Kubisha
Vitenge vilioza?